Bajaji ya kwenda kazini: jibu kwa nesi wa Pasua

Swali: Fundi, habari za kazi? Mimi ni nesi. Naishi Pasua, hapa Moshi, na kazini kwangu ni kule juu, upande wa hospitali ya KCMC. Zamu ya jioni ikiisha ni usiku, na bodaboda za saa hizo zimenichosha kwa bei na kwa woga. Gari nimelipigia hesabu nikashindwa. Pikipiki siiwezi kwa sababu asubuhi nawashusha watoto wawili shule. Nataka bajaji yangu binafsi, si ya biashara. Je, inafaa? Itapanda Jumapili tukienda kwa wazazi Uru? Nichukue mpya au iliyotumika? Leseni yangu ya gari inatosha? Na kuna mdogo wangu anaomba aipigie kazi mchana, siku ambazo nimetoka zamu ya usiku na nimelala. Nisaidie kabla sijatoa hela.

Jibu: Habari ni njema, dada, na pole kwa zamu. Kwa njia yako ya Pasua hadi KCMC bajaji inafaa, tena vizuri. Kwa Uru inafaa kwa masharti. Safari ya Arusha usiifikirie. Leseni ya gari haitoshi. Hilo la mdogo wako nimeliacha mwisho, maana ukilikosea litakula hela kuliko mengine yote uliyouliza.

Wengi wanaokuja hapa gereji na wazo kama lako huiona bajaji kuwa gari lililopungukiwa tairi moja. Huwa nawaambia waigeuze: ni pikipiki iliyoongezewa tairi, paa na viti. Ukianza hapo, hutaidai isichokuwa nacho. Sheria nayo inaihesabu hivyo hivyo, ndiyo maana namba yake inaanza na MC kama ya pikipiki. Nyingi zinazotembea Moshi ni Bajaj RE na TVS King, zote za injini ya silinda moja, stroki nne, karibu cc 200. Nguvu yake ni kama farasi 10, wakati kigari cha cc 1,000 kama Vitz kina karibu 70. Breki ni za drumu kwa magurudumu yote matatu, na gia ziko nne za mbele na riversi. Hata hizo gia za kuzungusha kwa mkono wa kushoto ni urithi wa skuta: Piaggio wa Italia walitoa Ape yao mwaka 1948 kutokana na Vespa, na Bajaj wa India nao walianza kwa kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio kabla ya kushika njia yao.

Sasa itazame njia yako. Unatoka Pasua, unapita mjini, unapanda taratibu mpaka KCMC. Kuna matuta, kuna keepleft, kuna hiace zinazosimama popote, na ndani ya makazi mwisho wa mwendo kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Hakuna mahali katika njia hiyo ambapo gari la farasi 70 litakuacha kwa maana yoyote. Utafika nalo sawa, na wewe utapata pa kuegesha kabla yake.

Ukishaingia barabara kuu ya kutoka mjini, mambo yanageuka. Bajaji yenye watu wanne wewe ukiwamo itakimbia kilomita 55, labda 60 kwa saa, na hapo injini inalia. Basi limeruhusiwa 80. Ina maana kutoka Moshi hadi Arusha, kilomita kama 80, wewe ndiwe utakayepitwa njia nzima, na kila basi likikupita upepo wake unakusukuma pembeni kisha unakuvuta, nawe una tairi moja tu mbele la kushikia njia. Himo ni karibu kuliko Arusha, lakini magari ni yale yale. Sizungumzii kama itafika. Itafika. Nazungumzia mabasi yaliyo nyuma yako.

Uru sasa. Mji wetu uko kwenye mita 800 hadi 900 kutoka usawa wa bahari, na vijiji vya Uru vya juu vinapita mita 1,400. Huo ni mlima wa kweli kwa cc 200. Wewe, mume wako na watoto wawili, bajaji itapanda kwa gia ya pili, na sehemu za kukaza itaomba ya kwanza. Ipe inachoomba. Kinachoua klachi za bajaji za mjini zinapoenda mlimani ni dereva kung'ang'ania gia ya tatu huku akiibana klachi nusu ili injini isizime. Pleti zinaungua, unasikia harufu kama ya mpira uliochomwa, na Jumatatu uko kwangu. Ukimwongeza bibi, mkungu wa ndizi na gunia la mahindi wakati wa kurudi, umeshapita kiasi: chombo hiki kimetengenezwa kwa dereva na abiria watatu. Mzigo wa kihamba, shamba la nyumbani, upande gari la mtu mwingine.

Ila kupanda si tatizo kubwa. Bajaji ikishindwa kupanda inasimama, basi. Kushuka ndiko kunakonifanya niandike kirefu.

Kwanza, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kuna madereva wanaoachia nyutro kutoka Uru mpaka mjini ili kuokoa mafuta. Hapo injini haikushikii tena, kazi yote inabaki kwenye drumu tatu ndogo, na drumu ikipata moto sana breki inakuwa laini, unakanyaga na chombo hakisimami kama ulivyozoea. Ukisikia harufu ya breki, simama pembeni, waache watoto wachume maua, dakika kumi zinatosha. Pili, punguza mwendo kabla ya kona, usipunguze ndani ya kona. Chora pembetatu chini: tairi moja mbele, mawili nyuma. Ukikata kona kulia huku umekanyaga breki, uzito wote unakimbilia mbele kushoto, na mbele kushoto hakuna tairi la kuupokea. Bajaji nyingi nilizoziona zimelala ubavu zililala hivyo, na wala si kwa mwendo mkubwa. Gari la tairi nne lingelia tairi tu likaendelea.

Jambo la tatu hakuna anayekuambia dukani. Kwenye njia za udongo za migombani, magari yamechimba mifereji miwili na katikati kumebaki tuta lenye nyasi na mawe. Gari tairi zake zinaingia kwenye mifereji. Bajaji tairi lake la mbele linapita juu ya tuta, na la nyuma moja linaning'inia ukingoni mwa mfereji. Hata shimo la lami ni hivyo hivyo: ukilikwepa kwa tairi la mbele, la nyuma linaliingia. Wakati wa masika, udongo ule mwekundu ukilowa, usipande na bajaji kabisa. Iache mahali lami inapoishia, kwa mtu unayemfahamu, mmalizie kwa miguu. Wazazi watafurahi kukuona na matope miguuni kuliko kukufuata hospitali yako mwenyewe.

Kuhusu mafuta, nadhani umedanganywa kidogo, kama wengi. Watu wanasema bajaji hainywi. Kwa njia ya mjini panga bajeti kwa kilomita 25 kwa lita, na siku za Uru shusha hadi 20 au chini. Tuseme kilomita 16 kwa siku, kwenda, kurudi na kupitia shule, kwa siku 24 za mwezi. Ni kilomita 384, kama lita 15 na nusu. Kigari cha cc 1,000 kwa foleni hiyo hiyo, kwa kilomita 14 kwa lita, kitakunywa lita 27 na nusu. Tofauti ni lita 12. Lita moja ukiihesabu kwa shilingi 3,000 ili tusihangaike na senti, umeokoa 36,000 kwa mwezi. Ni hela, lakini si hela ya kumfanya mtu anunue bajaji. Bei halisi uifuate kwa EWURA, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Faida yenyewe iko kwenye matengenezo. Tairi ni ndogo, za 4.00-8, na unazibadilisha tatu badala ya nne. Injini nzima naishusha na kuifungua juu ya benchi moja. Spea ziko kila duka la mjini. Ukigongwa mlango wa gari utalipa panelibita na rangi. Bajaji haina mlango. Na kwa njia fupi kama yako, ukiitunza, itachukua miaka kabla haijadai kazi kubwa. Kutunza maana yake ni mambo machache tu: oili kila kilomita 3,000, kwa njia yako ni kama kila miezi minane, lakini usipitishe miezi sita kwa sababu oili inachakaa hata chombo kikisimama, tapeti (nafasi za valvu) zisetiwe mara zinapoanza kugonga, usingoje, na kichujio cha hewa kisafishwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Pasua na Mabogini kiangazi kile vumbi unalijua wewe mwenyewe. Linapita kwenye kichujio kilichochoka, linaingia kwenye silinda, na linakula ringi za pistoni polepole bila kelele mpaka siku unayoona moshi wa bluu. Nikifungua injini ya bajaji ya upande wenu na ya upande wa Shanty Town, bila kuambiwa naweza kukisia ipi ni ipi.

Weka pia waya mmoja wa klachi chini ya kiti, pamoja na plagi na spana yake. Waya wa klachi hukatika bila taarifa na hukatika usiku. Spea nyingine nunua feki ukitaka, taa ya pembeni, kioo, turubai. Brekishu, waya na beringi za magurudumu nunua orijino, hata kama muuzaji ni shemeji yako na anakuapia.

Mpya au iliyotumika? Kwa matumizi yako, kama mfuko unaruhusu, mpya. Si kwa sababu ya sifa. Fikiria tu wapi bajaji zilizotumika zinatoka. Hakuna bajaji za kina mama waliokuwa wanaenda nazo kanisani. Karibu zote zimetoka kazini, na bajaji ya kazi hapa mjini kutembea kilomita 100 kwa siku si habari. Siku 300 za mwaka, miaka mitatu, ni kilomita 90,000 kwenye injini ya silinda moja. Mita itakuonyesha 31,000 na dalali atakuapia, na ukiinama chini utakuta waya wa mita ulikatika zamani.

Kama bado lazima ununue iliyotumika, nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu anakificha, huenda inakataa kuwaka ikiwa baridi. Iwashe mwenyewe, uangalie bomba la moshi: moshi mweupe wa baridi unaopotea si neno, wa bluu unaoendelea ni ringi au sili za valvu. Ingiza gia zote ikiwa inatembea, na riversi pia, uone kama kuna gia inayoruka yenyewe. Nyanyua mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ama beringi ama fok (uma unaoshika tairi la mbele) imechoka. Funua mkeka wa miguuni. Maji ya mvua hukaa pale, na kutu ya bajaji huanzia pale ikashuka kwenye chesisi. Alama ya kuchomelea ukiiona, uliza ilivunjikia wapi. Kisha kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji fundi: ipitishe moja kwa moja kwenye vumbi, shuka, tazama alama za tairi. Ya mbele inatakiwa iwe katikati kabisa ya zile mbili za nyuma. Ikiegemea upande, bajaji hiyo iliwahi kugonga kitu na haijawahi kunyooka.

Ukiridhika na chuma, hamia kwenye karatasi. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kadi, herufi kwa herufi. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, au awepo mwenye jina. Bajaji nyingi za mjini zimenunuliwa kwa mkopo, na mkopo usipoisha kadi halisi hukaa kwa mkopeshaji; ukionyeshwa kivuli cha kadi ukaambiwa halisi iko nyumbani kwa shangazi, rudi Pasua. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya usajili kabla ya kulipa, kwa sababu ukikutwa nayo barabarani trafiki atakuuliza wewe uliye kwenye usukani. Kisha mwende TRA kubadilisha umiliki, wewe ukiwa na TIN yako. Dalali akikuwekea kwenye gharama ada ya mwaka ya leseni ya barabara, mwambie hiyo ilifutwa mwaka 2017 na ikahamishiwa kwenye mafuta, unailipa kila unapojaza tangi.

Kuna kitu kimoja cha karatasi kinachowahusu watu wa aina yako hasa. Bajaji iliyotoka kijiweni ina namba nyeupe za biashara. Wewe ni mtu binafsi, kwa hiyo unatakiwa ubadilishe matumizi, upate namba za njano. Usiache kwa uvivu. Namba nyeupe bila leseni ya usafirishaji ya LATRA ni kesi ya kila siku, na utakuwa unajieleza kwa kila askari kwamba hao watoto nyuma ni wako. Ukiwa na namba za njano, hudaiwi leseni ya LATRA maana hubebi abiria wa kulipa.

Bima nayo ifuate matumizi hayo hayo. Bima ndogo ni lazima kisheria, na inamlipa yule uliyemgonga tu. Wewe na bajaji yako hamumo. Ukinunua mpya, kata bima kubwa angalau miaka miwili ya mwanzo, kwa sababu ya wizi kuliko ajali. Na stika ukishapewa ihakiki kwenye mfumo wa TIRA siku hiyo hiyo, kwa simu yako, kabla hujaondoka mbele ya aliyekuuzia.

Leseni: kama ilivyo kawaida ya watu wa magari madogo binafsi una daraja D, na D haihusishi pikipiki wala vyombo vya tairi tatu. Bajaji iko A2. Utajifunza, utapimwa na trafiki, na utaongezewa daraja kwenye leseni hiyo hiyo. Kuna watakaokuambia mwenye leseni ya gari hasumbuliwi. Pengine hasumbuliwi. Ila siku ya ajali, kampuni ya bima itaanza kusoma hapo, kwenye daraja la leseni, kabla haijasoma kitu kingine.

Usiku na mvua. Taa ya mbele ya bajaji ni taa ya pikipiki, moja au mbili, na kwa mwendo wa mjini inatosha ikiwa kioo ni safi na imeelekezwa vizuri; wengi wanaipandisha juu, inaangaza majani ya miti. Turubai za pembeni nunua zenye dirisha la plastiki upande wa kulia, la sivyo mvua ikinyesha hutaona anayekuja kukupita. Ukipita dimbwi kubwa, kanyaga breki kidogo kidogo mita chache mbele ili drumu zikauke. Nyumbani, ufunguo wa bajaji haumzuii mwizi. Mzuie kwa mnyororo kwenye tairi la mbele na swichi ya siri inayokata umeme wa plagi, kazi ya nusu saa kwa fundi umeme. Watoto wakae kiti cha nyuma, na upande wa kulia pawe na chuma cha kuzuia, washukie kushoto tu. Pembeni ya dereva hakuna kiti, hata kama kila siku unaona mtu amekaa pale.

Jambo jingine hukuuliza, lakini litakuchosha kuliko taa. Watu watakupungia mkono. Utasimamishwa Mbuyuni, utasimamishwa karibu na YMCA, mama mwenye mzigo atakufokea kwamba unachagua abiria. Mlinzi wa geti la kazini atakuelekeza kwenye kijiwe cha bajaji mpaka azoee. Nina mteja, mwalimu, aliyeweka mapazia ya kitambaa na maandishi ya "binafsi" nyuma, akapata nafuu. Wengine wanapaka rangi tofauti; ukibadilisha rangi kumbuka kadi inataja rangi, nayo ibadilishwe.

Umeme? Najua ungeuliza. Kwa njia yako ya kilomita 16 ni wazo zuri kwa karatasi. Betri ya uniti 8, kwa LUKU ya zaidi kidogo ya shilingi 350 kwa uniti, inajaa kwa hela karibu sawa na ya lita moja ya petroli. Lakini muulize muuzaji betri mpya ni bei gani na inakaa Moshi au inaagizwa, na kontrola, kifaa kinachoongoza mota, ikiungua nani anaitengeneza hapa. Akikujibu kwa majina ya maduka, endelea kumsikiliza. Ya gesi iache, bomba la gesi la kutoka Mtwara linaishia Dar es Salaam na vituo vyake vingi viko huko.

Haya, mdogo wako.

Ombi lake linaonekana la busara: chombo kimelala, yeye hana kazi, kitafute hela ya mafuta. Lakini tazama kinachobadilika siku akibeba abiria wa kwanza wa kulipa. Namba za njano zinakuwa kosa. Bima ya binafsi inakuwa karatasi, kwa sababu ulimwambia mwenye bima hubebi abiria. LATRA wanakudai leseni, TRA wanakudai kodi, na mdogo wako anahitaji leseni yake ya udereva iliyo sawa. Akigonga mtu saa nane mchana wewe ukiwa usingizini, jina la kwenye kadi ni lako.

Kisha kuna chombo chenyewe. Ile hesabu ya matengenezo niliyokupa juu ni ya kilomita 16 kwa siku. Yeye akizoea kuitoa kila siku ataongeza 80, na oili ya miezi sita inakuwa oili ya mwezi mmoja. Utaamka saa kumi jioni kujiandaa na zamu, ukute tangi tupu na tairi limetobolewa, na bajaji iko Soweto kwa sababu amepata abiria wa mwisho. Deiwaka wa kijiweni, yaani dereva wa kutwa, ukimpa bajaji unakubaliana naye hesabu ya siku, asipoleta unamnyang'anya ufunguo. Mdogo wako utamnyang'anya vipi, wakati mama yenu yuko Uru anangoja kusikia mmefikaje?

Kwa hiyo chagua moja. Kama unataka bajaji ya biashara, isajili ya biashara, ikatiwe bima ya biashara, ipelekwe kijiweni kwa mkataba ulioandikwa, hata na mdogo wako, na wewe uendelee na bodaboda mpaka ikununulie ya pili. Wapo waliofanya hivyo na si wajinga. Kama unataka ya kukupeleka kazini, ufunguo ukae kwenye pochi yako. Kuichanganya nimeona kwa wateja wengi, na waliokuja kuniuzia injini iliyokufa ndani ya miaka miwili walikuwa wa kundi hilo.

Ukishapata leseni, wiki ya kwanza usibebe watoto. Nenda Jumamosi mchana kwenye uwanja wowote wa wazi, uzoee riversi na kukata kona ukiwa peke yako, kwa kuwa bajaji tupu na iliyojaa hazikati kona sawa. Kisha mpakie mtu mzima mmoja nyuma, urudie. Njia ya kazini ijaribu kwanza saa tano asubuhi. Saa moja kasoro, hiace zote zikiwa barabarani na watoto nyuma, iwe baada ya hapo.